Siku Niliyofungua Prosesa, Mtaa Ukaniletea Waliofungwa

Mkasa huu ulinigharimu feni moja ya mezani iliyoungua mota, ungo mmoja uliotoboka katikati, na jina langu. Nimehesabu mara mbili, na mara zote mbili jina ndilo lililouma zaidi. Aibu yenyewe sifichi, maana nusu ya mtaa wetu wa Isevya ilikuwepo na nusu nyingine ilisimuliwa kabla jua halijazama, tena kwa kuongezewa, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi niliyeivaa.

Nahariri video za harusi, nyumbani kwangu, chumba cha mbele kinachotazama baraza. Kompyuta niliipata mnadani, kwenye vitu vilivyochoka vya ofisi fulani, na nilimpunguzisha bei muuzaji mpaka akaniuliza kama nina ugomvi na watoto wake. Nilichojua mimi na yeye hakujua ni kwamba ndani mlikuwa na prosesa ya aina ile ambayo kizidisho chake unaweza kukipandisha. (Kwa asiyejua: prosesa ni ubongo wa kompyuta, nayo ina mapigo ya msingi, mia moja, na kizidisho ni namba ya kuzidisha hayo mapigo. Yangu ilikuwa thelathini na tatu. Ukipandisha namba, kazi inakwenda mbio na joto linapanda nayo. Ni hesabu ya darasa la tatu, ila ukikosea jibu linanuka moshi.) Kasoro moja: wale wa ofisini waliweka nywila kwenye mipangilio ya ndani, hakuna anayegusa kitu. Imefungwa. Nikaishi nayo hivyo hivyo mwaka mzima, kama mtu aliyenunua ng'ombe na hajui anakamuliwa wapi.

Sasa kulikuwa na harusi ya mtoto wa Mama Kulwa, mwimbaji wa kwaya kule kanisa la Moraviani, mwanamke ambaye akikutazama unakumbuka madhambi ya utotoni. Video ilitakiwa Jumamosi saa kumi alasiri, kwenye kuvunja kamati, pale wanakamati wanapokula, wanashukuriana na kujitazama kwenye skrini. Nilishamaliza. Jumamosi asubuhi saa mbili na nusu Mama Kulwa akapiga simu: jina la wakwe limekosewa herufi, na wakwe wanakuja.

Herufi moja, lakini video nzima lazima itolewe upya. Nikahesabu. Kazi ile inachukua saa nane, nikianza saa tatu itaisha saa kumi na moja jioni, watu wameshakula na wameshanuna. Nikahesabu tena, ikatoka ile ile. Na Mama Kulwa ndiye anayesikilizwa kwenye kamati zote za kanisa lile, yaani nikimwangusha yeye nimeangusha harusi zote za mwaka. Ndipo nikafanya uamuzi mdogo tu, wa dakika moja: leo naifungua.

Nikachomoa betri ndogo ya bodi, ile kama ya saa ya mkononi, nikangoja dakika kumi, nikairudisha. Nywila kwaheri! Nikafuta ile dawa kavu ya kupitisha joto juu ya prosesa, nikapaka mpya, nyeupe, kiasi cha punje ya mchele. Nikapandisha kizidisho hadi arobaini na tano, skrini ikawa buluu na kuzima. (Tamaa.) Nikashusha hadi arobaini na mbili, ikasimama imara. Hesabu mpya ikaniambia saa tisa na robo kazi imekwisha. Nikaacha ubavu wa kompyuta wazi, feni ya ndani ikawaka taa yake nyekundu, nikaielekezea feni ya mezani, na dirishani nikatundika kaniki iliyoloweshwa maji, maana jua la Tabora mwezi wa kumi halina adabu. Sikuwaza kabisa kwamba mtu akichungulia ataona chumba cha giza, kaniki nyeusi, taa nyekundu na dawa nyeupe. Mimi nilikuwa naona nyuzi joto sabini na sita, nikafurahi.

Furaha ikanitoa barazani kumpigia binamu yangu Sudi wa Dar, ambaye mwaka mzima alikuwa ananiambia siwezi. Ndani mtandao hausimami, na mabehewa yalikuwa yanagongana huko stesheni, kwa hiyo nilipaza sauti.

"Sudi! Nimeifungua! Ilikuwa imefungwa tangu huko ilikotoka, nimeifungua kwa mkono wangu! Nimepaka dawa nyeupe kidogo tu, nguvu zake zote sasa ziko nje!"

Jirani yangu Mama Shija alikuwa uani kwake anaanika michembe ya viazi vitamu. Hakusema kitu. Mngemjua Mama Shija mngejua kwamba akinyamaza ndipo pa kuogopa.

Saa sita akaja na dada yake wa Usoke, aliyekuja mjini kwa ajili ya harusi, na nyuma yao binti wa huyo dada, Kashindye, kama miaka ishirini na sita, uso umejaa kuchoka. Mimi nikajua ni wateja wa kutengenezewa simu.

"Mayo, tumekuletea aliyefungwa," akasema dada mtu, akiniita mama kwa Kinyamwezi, kwa adabu kubwa.

"Hakuna shida. Imefungwa tangu lini?"

"Mwaka wa nne huu."

"Ilishapelekwa kwa fundi mwingine?"

"Wawili. Wa Kaliua alisema ni wivu wa upande wa baba."

(Hapo ningeshtuka. Nilikuwa nasikiliza feni.)

"Mafundi waongo hao. Mara nyingi ni betri tu imekufa. Iwekeni mezani, niifungue nyuma niitazame."

Dada mtu akamgeukia binti. Binti akanitazama mimi, halafu akatazama meza, halafu akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyeburutwa na mama yake kwa waganga miaka minne na leo ndiyo kapata malipo yake.

"Mama, huyu anazungumzia simu! Mimi hata mchumba sijatafuta, sasa napimwa betri!"

Kabla sijamaliza kuelewa, nikaona barazani wameshakaa wengine sita. Nikawahesabu tena, wakawa saba. Bodaboda mmoja pikipiki yake haipati abiria. Mama mmoja biashara ya maandazi imefungwa, na nyota pia. Nikaanza kueleza kizidisho. Ndugu zangu, kumweleza kizidisho mtu aliyekuja na jogoo kwapani ni kazi. Kila nikisema "namba inazidishwa" walikuwa wanatikisa vichwa kwa heshima zaidi.

Saa nane akaingia Mama Kulwa, habari zimeshamfikia, kitenge kimefungwa kivita.

"Shikamoo Mama Kulwa."

"Marahaba, lakini sikuja kuamkiwa. Wewe Tatu, harusi ya mwanangu imefungwa kanisani. Haiwezi kupita kwa mganga. Nipe picha zangu."

"Mama, mimi si mganga."

"Na hiyo kaniki dirishani?"

"Ya kupoza."

"Kupoza nini? Toa! Fungua mlango, watu wote waone."

Nikatoa. Ningefanyaje? Jua likaingia kama mgeni asiyebisha hodi, na watu wakaingia nalo, kumi na mmoja chumba kimoja, kila mmoja na joto lake. Namba kwenye skrini ikaanza: sabini na nane, themanini na nne, themanini na tisa. Feni ya mezani, ambayo ilikuwa inafanya kazi tangu asubuhi, ikatoa moshi mwembamba ikanyamaza. Tisini na mbili.

"Ikifika tisini na nane inajizima," nikasema. "Ikijizima, video yote inapotea. Na nikishusha kizidisho lazima niizime mwenyewe, inapotea vile vile."

Aliyesogea ni Kashindye. Alichomoa ungo wangu ukutani akaanza kupepea ubavu wa kompyuta, kwa mapigo marefu ya mtu anayejua kupepeta mpunga. Bodaboda akachukua mfuniko wa sufuria. Mama wa maandazi akavua kanga. Tisini na nne. Mama Kulwa akasimama hapo, anatazama namba, anatazama skrini ambapo mwanawe alikuwa anapita na bibi harusi kipande kwa kipande, halafu akamnyang'anya Kashindye ungo.

"Wewe unapepea kama unafukuza nzi. Sogea!"

Akapepea mpaka ungo ukatoboka, na alipoutoboa akaendelea nao hivyo hivyo. Tisini na sita. Tisini na sita. Tisini na tano. Watu wakaanza kusoma namba kwa sauti, kama matokeo ya kura. Saa tisa na dakika kumi na tisa kompyuta ikalia kengele yake ndogo: imekwisha, salama, jina la wakwe na herufi zake zote.

Dada wa Usoke akainua mikono juu. "Imefunguka!"

Na chumba kizima kikapiga vigelegele, na kengele ile ikawa ushahidi.

Video ilioneshwa saa kumi kamili. Mkwe alisoma jina lake akafuta macho. Mimi nilikaa nyuma nimejificha, mpaka mshereheshaji akaniita mbele: "Tumshangilie Mama Mfunguzi!" Mama Kulwa alicheka mpaka akashika meza. Kamati mbili nyingine zimeshanipa kazi, zote kwa jina hilo. Na arobaini na mbili yangu iko pale pale hadi leo, haijazima hata mara moja. Sudi nimemtumia picha ya skrini mara mbili.

Nimeapa sitatamka tena neno kufungua nikiwa barazani. Lakini naomba ushauri, na ninauomba kwa dhati. Wiki ijayo naongeza kumbukumbu ya kompyuta, Kashindye (sasa anajifunza uhariri kwangu) kaitaja kwa mama yake mdogo, yule jirani yangu, bila kufikiri, na jana Mama Shija kaniuliza kwa upole sana kama anaweza kumleta mumewe, maana siku hizi anasahau hata njia ya nyumbani. Mzee ni mtu mwema, na Mama Shija alipouliza hakuwa anatania. Nimjibuje?