Manyoya Yaliyopigwa Moshi

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nasema mapema ili msinishangae.

Nilikuwa najifunza kufunga nzi wa bandia, zile ndoano ndogo unazozivisha uzi na manyoya hadi zifanane na wadudu, samaki wa mtoni adanganyike. Jirani yangu hapa Karatu, aliyewahi kuendesha watalii Ngorongoro, alifundishwa kuwafunga na mgeni mmoja mpenda kuvua, na sasa anawauzia wavuvi wa nje. Alitaka fundi mmoja zaidi. Alinipa jaribio la nzi kumi na wawili kwa wiki moja, manyoya nitafute mwenyewe. Ya mnyama wa porini alinikataza kabisa, hata nikiyaokota njiani, maana hiyo ni kesi. Niliitaka kazi ile kwa moyo wote, kwani ningeifanya nimekaa kwangu.

Basi nikawachana sungura wetu wa kijivu kwa kitana, nikapata kikapu kizima cha manyoya laini ya ndani, yale yanayong'ang'ania uzi wenye nta ukiyasokota kwa vidole viwili. Nikaenda shambani. Niliporudi, mama mkwe alikuwa amekitundika kikapu juu ya meko, pale anapotundika mahindi ya mbegu. Kwake kitu cha kutunzwa lazima kipigwe moshi, wadudu wasikiingie. Ule ukijivu ulikuwa umegeuka rangi ya chai, na harufu ilikuwa ya jikoni tupu.

Nilifoka. Nilimwambia ameniharibia kazi, na kwamba si kila kitu ni mahindi. Alichukua jembe lake akatoka.

Nikafunga hivyo hivyo, nimenuna. Siku ilipofika, jirani alijaza maji kwenye karai, akawaweka nzi wangu juu yake mmoja mmoja. Walitakiwa waelee. Wakazama wote. Kabla hajafungua kinywa nikaanza kumweleza habari za mama mkwe na meko yake. Akamnusa mmoja, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa.

“Moshi hauna neno, dada. Umejaza mno. Huyu si nzi, ni kiwavi aliyetoka harusini.”

Manyoya mengi hunywa maji, akanieleza. Ukiona yanatosha, punguza nusu. Niliona aibu kweli kweli. Kwetu kidogo ni uchoyo, hata chai tunamimina mpaka iguse kisahani, na mimi nilikuwa nimezipakulia ndoano kama ninavyopakulia wageni. Hapo hapo nikamfumua mmoja, nikamfunga upya, mwembamba. Akaelea. Jirani akanipa mpaka Jumatatu nirudie wote.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe anachambua maharage. Nikapiga magoti, nikamsimulia yote, hata lile la kiwavi.

“Mama, nisamehe,” nikasema. “Kosa lilikuwa langu, nikakutupia wewe.”

Akatoa jiwe kwenye maharage, akalitupa uani.

“Nimekusikia. Siku nyingine ukitaka kunifokea, kwanza tumbukiza majini uone.”

Tukacheka wote wawili, mimi nikiwa bado nimepiga magoti. Jumatatu nilipopewa kazi, yeye ndiye niliyemwambia kwanza.