Kipa Aliyesema Yangu

Wiki ile nzima nilikuwa namrushia mume wangu soksi. Naziviringisha kuwa mpira, namtupia nikiwa nimekaa kitandani na nguo za kukunja, naye amesimama mlangoni kati ya miimo miwili kama yuko golini. Anadaka, anasema, "Wangu." Nachukua nyingine. "Wangu." Nikimvizia na ya chini, karibu na kizingiti, anaruka, anadaka, na mdomo unamponyoka: "Yangu."

"Umeharibu," namwambia.

"Nimedaka lakini."

"Kocha hakusema udake. Kocha alisema useme."

Mume wangu ni golikipa wa kulipwa, na wiki ile kazi yake ilikuwa imening'inia kwenye herufi moja. Chanzo ni baba mkwe wangu.

Baba mkwe alikuja kutoka nchi ya mbali, ya baridi, kufunga mitambo kwenye kiwanda cha mabati. Mitambo ikawaka, wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki, kwa sababu alikuwa amepeleka suruali kupunguzwa kwa fundi cherehani wa jirani na kiwanda. Fundi huyo ndiye mama mkwe wangu. Anasema suruali ile aliipunguza hadi ikawa kaptura, maana kila akiimaliza, mwenye suruali anairudisha, eti bado ndefu. Kiswahili mzee alijifunzia hapo, kwenye kiti cha wateja, na alipofika kwenye neno "yangu" akaona linatosha. Chai yangu. Nyumba yangu. Kiti yangu iko wapi. Tena analisukuma mwishoni, ya-NGU, kama mtu anayefunga mlango kwa nyonga kwa sababu mikono imeshika vyombo.

Mtoto wao alizaliwa na rangi ya katikati, nywele za mama, mikono ya baba. Watoto wa mtaani wakamwita Chai Maziwa. Ile mikono ndiyo iliyompagawisha mzee, maana kwao alikuwa kipa wa timu ya kiwanda. Akachora goli kwa chaki kwenye ukuta wa uani, akawa anaupaka mpira sabuni ya kufulia ili uteleze, anamrushia mwanawe. "Sema kwanza, halafu ruka," anamwambia. "Mpira ya-NGU." Mama mkwe anachungulia dirishani, pini zimejaa mdomoni, anauliza sabuni yake inaisha vipi na nguo bado chafu.

Ndivyo neno lilivyomwingia. Ukikaa na mume wangu, Kiswahili chake hakina kasoro. Mpira wangu, koti langu, viatu vyangu, kila kitu na chake. Lakini mpira ukiwa hewani na watu wanamjia na magoti, akili inakaa pembeni, mdomo unasema ulichofundishwa uani.

Alidakia timu ya mtaa, akadakia timu ya shule, akadakia timu ya kiwanda cha mikate, asubuhi anabeba magunia ya unga na jioni anavaa glovu, vumbi jeupe bado liko masikioni. Kila alikokwenda alikutana na mlinzi wa geti wa kumwambia, "Timu ngeni inaingilia mlango ule." Aliwahi kwenda kwao baba yake kujaribu bahati. Kule nako wakamuuliza katokea wapi. Aliporudi, tulikuwa bado wachumba, tukakaa kwenye ngazi za nyumba ya dada yangu, akaniambia, "Huku mgeni, kule mgeni. Nikisimama golini tu ndiyo hawaniulizi. Wanataka kujua kama nitadaka, basi."

Nilimpenda hapo hapo, ila sikumwambia. Nilimwambia ale, chakula kinapoa.

Basi timu kubwa ikamchukua kwa majaribio, kipa wa akiba. Kipa namba moja akaumia goti, mwenzangu akaingia. Mechi ile hakufungwa. Lakini kila alipotoka kufuata krosi na kupiga ile ya-NGU yake, jukwaa zima liliitikia kwa kicheko, "Mpira yanguuu," na beki wa kati, mkongwe mmoja mwenye maneno wanayemwita Boma, naye akacheka hadi akamwachia mtu apige shuti. Lilitikisa mtambaa panya.

Kocha akamwita pembeni. "Kipa ndiye mdomo wa timu," akamwambia. "Shabiki akicheka, shauri yake. Beki akicheka, hakabi. Jumamosi ndiyo mechi ya mwisho ya majaribio yako. Nataka kusikia wangu. Nikisikia lile lingine, utarudi ukawachekeshe waoka mikate."

Ndiyo maana soksi. Na tatizo la soksi ni kwamba mtoto wetu alikuwa ndiyo kwanza anaunganisha maneno, na alikaa sakafuni akisikiliza somo lote. Kabla wiki haijafika katikati, kila kitu kilikuwa wangu. Kijiko wangu. Viatu wangu. Baba yake akiondoka kwenda mazoezini, anashika suruali yake: baba wangu. Nikawa namfundisha mmoja na kumharibu mwingine.

Wakwe walifika siku moja kabla ya mechi. Baba mkwe aliingia na fimbo yake, akamkuta mwanawe kasimama mlangoni, soksi mkononi.

"Mnafanya nini?"

Mume wangu akatazama dari. Mimi nikakunja shuka ambayo ilikuwa imeshakunjwa. Mtoto akamjibu babu yake, "Wangu."

Mama mkwe hana subira na watu wanaozunguka. "Mzee," akasema, "mpira ni wangu. Si yangu."

"Wako tangu lini?"

"Neno, mzee. Watu husema mpira wangu."

Mzee akakaa. Nilimwona midomo inacheza, anazungusha macho chumbani, anataja vitu moyoni. "Na kiti yangu?"

"Changu."

"Na mtoto yangu?"

"Wangu."

"Sasa miaka yote hii ulikuwa unanisikiliza tu?"

Mama mkwe akaweka mkoba wake chini, akavua viatu polepole. "Ningekwambia, ungenyooka," akasema. "Nani alikutaka umenyooka."

Tulicheka wote, hata yeye. Lakini kofia yake ilikuwa mapajani, na mikono ile mikubwa ilikuwa inaikunja na kuikunjua. Baadaye nikipeleka vyombo jikoni nilimsikia anamwambia mwanawe, kwa sauti ya mtu aliyeazima kitu cha watu akakirudisha kimevunjika, "Kesho sema vizuri. Sema kama mama yako."

"Sawa, baba."

Jumamosi tulikaa nyuma ya goli lake, ngazi za chini kabisa, pale ambapo waya tu ndio unakutenga na nyavu. Uwanja si mkubwa. Mchezaji akikohoa unamsikia. Mtoto alikuwa mapajani, moyo wangu sijui ulikuwa wapi. Nilimwona mume wangu anapiga nguzo hii kwa teke, anapiga ile, anatema mate, anarekebisha glovu. Filimbi.

Na alisema vizuri. "Wangu!" Safi kabisa, hata mwalimu angempa alama. Lakini mimi namjua mtu wangu. Zamani mdomo na miguu vilitoka pamoja. Sasa nilimwona anafikiri kwanza, anachagua, halafu ndiyo anatoka, na mpira haumngoji mtu achague. Wa kwanza aliuwahi kwa ncha za vidole. Wa pili aliupangua vibaya, Boma akaufuta. Mama mkwe aliushika mkono wangu akaubana kama kitambaa anachopitishia mkasi.

Halafu krosi ya kutokea kulia. Ndefu, ya juu, inaning'inia. Nikasikia, "Wangu!" Boma akainamisha kichwa kuuacha upite. Nami nikaona kinywa cha mume wangu ndiyo kwanza kinafunguka.

Aliyesema hakuwa yeye. Alikuwa mshambuliaji wao, jamaa mfupi aliyepandisha bukta hadi mbavuni. Akaruka peke yake, akaupiga kichwa, wavuni. Hila hiyo hairuhusiwi, lakini kwa makelele yale mwamuzi angemtambuaje aliyesema.

"Si umesema wangu?" Boma anafoka.

"Sijasema mimi."

"Sasa kasema nani?"

Mfupi alikuwa anakimbia anapiga makofi, anawacheka wote wawili. Baba mkwe alivuta kofia hadi kwenye nyusi. Kocha upande wa pili alikuwa ameupa mgongo uwanja, na mimi nikaanza kuwaza harufu ya unga.

Yaliyotokea kwenye chumba cha wachezaji wakati wa mapumziko mume wangu alinisimulia mwenyewe baadaye. Kocha aliingia amefura, akauliza nani kasema wangu, kila mtu akatazama viatu vyake. Boma alikuwa anajimwagia maji kichwani. Akasema, bila kugeuka:

"Kocha, hapo ndipo tunapokosea. Uwanjani kila mtu anasema wangu. Mimi nina macho kisogoni? Huyu Chai Maziwa akipiga lile lake la kuchekesha, hata nikiwa usingizini najua ni yeye. Mrudishie neno lake."

"Wewe ndiye ulicheka."

"Nitacheka baada ya mechi."

Kocha akamgeukia mume wangu. "Lipo bado?"

"Lipo," akamjibu. "Limekataa kutoka wiki nzima."

Kipindi cha pili timu zikabadilishana pande, nasi tukahama kumfuata, mama mkwe mbele anafungua njia kwa mkoba, mzee nyuma na fimbo, mimi katikati na mtoto begani. Tulikuwa hatujakaa vizuri krosi ikaja.

"Ya-NGU!"

Alikuwa ameshapaa. Sauti na mwili, kitu kimoja. Mpira ukaingia mikononi mwake kama umetumwa. Jukwaa likapasuka kwa kicheko, Boma akawa mkavu kama ukuta, na baba mkwe akasimama. Akashika waya kwa vidole vyote, hakukaa tena.

Mfupi akajaribu hila yake: "Wangu!" Boma wala hakugeuka, akaufuta mpira hadi barabarani. Akajaribu tena. Akafutwa tena. Timu yetu ikapata pumzi, ikasogea mbele, ikarudisha bao. Watu wakaanza kuruka kwenye ngazi hadi vumbi likatuingia machoni. Kisha bao la pili, kwa kichwa, la winga mwembamba ambaye huwa hafungi hata mazoezini, na mwanamke nisiyemjua akanikumbatia mimi na mtoto kwa pamoja.

Dakika za nyongeza, wakapata kona. Wote wamejazana mbele ya mume wangu, viwiko vinatembea. Mpira ukaja. Na yule mfupi, kumbe alikuwa anajifunza, akapaza sauti: "Yangu!"

Lakini alilisema kama tunavyolisema sisi, limekaa sawa, uzito mwanzoni. Boma akauchapa mpira kichwa, ukatoka nje ya boksi, na wakati bado yuko hewani akamwambia, "Matamshi hayo, mdogo wangu. Karudi darasani."

Mpira ukarudishwa kwa shuti kali, ukapita kwenye msitu wa miguu. Sikuuona. Nilichosikia ni ya-NGU kutoka chini kabisa, na safari hii jukwaa halikucheka. Lililisema pamoja naye. Wachezaji walipotawanyika, alikuwa amelala kifudifudi, mpira umefichwa tumboni kama mtoto anayekingwa baridi. Filimbi.

Mzee alikuwa bado ameshika waya. Mama mkwe alimbandua kidole kimoja kimoja, akamfuta uso kwa kanga yake, kisha akajifuta yeye.

Kocha alimkuta mume wangu mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo, sisi tukiwapo. "Njoo Jumatatu kuweka saini," akamwambia. Akamwona mzee na fimbo yake, akamtazama kijana, akaelewa. "Na asiguse mtu Kiswahili chake huyu."

Nyumbani viatu vililundikana mlangoni, chai ikachemka, kila mtu anaongea juu ya mwenzake. Mtoto alikuwa amefungua begi la baba yake, anaburuta glovu moja kubwa kuliko yeye.

"Glovu wangu," akasema.

Baba mkwe akaweka kikombe chini. Akainama hadi macho yao yakalingana. "Hapana," akamwambia. "Glovu yangu."

Mume wangu akafungua mdomo, akaufunga. Mama mkwe alikuwa anaipima sentensi ile juu chini, kama anayetafuta uzi uliolegea, na hakuupata.

"Leo umepatia, mzee," akasema.

"Najua," mzee akajibu. "Sema tena, mjukuu yangu."

Mtoto akamtazama babu yake mdomoni, akavuta pumzi, akalisukuma neno hadi mwisho.