Nipo Eda, na Nyumba Yangu Imetangazwa Haina Mkaaji

Admin, nakuomba sana ufiche jina langu, maana mawifi zangu wote wamo humu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mama wa watoto watatu, naishi Magomeni, Mtwara mjini. Nimesoma hadi kidato cha nne, na tangu shule nina mazoea ya kuandika kila siku yaliyonipata, ndiyo maana mtaona natajataja siku. Mume wangu alifariki ghafla akiwa dukani kwake Chikongola. Sasa nipo eda, na ile miezi minne na siku kumi haijafika hata nusu.

Nyumba hii tulijenga wote. Yeye alinunua kiwanja na kupandisha kuta kwa faida ya duka, mimi nikaezeka kwa pesa za korosho za shamba nililoachiwa na baba kule Ziwani. Hati ina jina lake peke yake. Sikuwahi kulifikiria hilo, kwani nani anaandikishiana na mume wake?

Kwenye kikao cha familia kaka yake mkubwa alichaguliwa kusimamia mirathi. Nilikubali bila neno. Ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea mdogo wake, na alilia kuliko sisi wote. Jumatatu iliyopita akaja, akakaa barazani, akazungumza nami kupitia dirishani.

"Shemeji, keshokutwa anakuja mtu kupiga picha nyumba. Mahakama inataka kuona mali za marehemu. Safisha vizuri, tusimwaibishe ndugu yangu."

Nikamjibu, "Hilo tu, shemeji? Watakuta inang'aa."

Jumanne mimi na binti yangu mkubwa tulipiga deki kila chumba, tukafua mapazia, tukakunja mikeka ya msibani. Kitanda nikakitandika mashuka mapya ambayo marehemu alininunulia, hatukuwahi kuyalalia.

Jumatano mpiga picha akaja na kamera yake juu ya mguu mrefu wa chuma. Akasema kutoka mlangoni, "Samahani mama, hii kamera inaona pande zote kwa pamoja. Chumba tunachopiga asibaki mtu." Sasa mimi nje siwezi kutoka, wanaume wako uani na barazani. Wakianza sebuleni nakimbilia jikoni. Wakija jikoni nakimbilia chumba cha watoto. Wifi yangu, dada wa marehemu, alikuwepo anacheka: "Wifi leo anacheza kombolela kwake mwenyewe!" Hata mimi nilicheka, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Nikaishia kwenye bafu la chumbani kwetu, nimekaa juu ya ndoo niliyoigeuza, nawasikia wanapanga mito ya kitanda alicholalia mume wangu.

Ijumaa shoga yangu akanipigia simu.

"We mwanamke, umehama hata kuniaga?"

"Nihame niende wapi na eda yangu?"

"Basi fungua nilichokutumia. Ila kaa chini kwanza."

Ilikuwa nyumba yangu, inauzwa. Unagusa mshale unaingia sebuleni, unagusa tena upo chumbani, unaizungusha kwa kidole kama vile umesimama mle ndani. Sijawahi kuiona nzuri namna ile, na uzuri wenyewe niliupanga kwa mikono yangu. Sauti ya mwanaume inasema, "Nyumba iko wazi, haina mkaaji. Lipia leo, uhamie leo." Nikaizungusha picha ya chumbani mpaka nikauona mlango wa bafu, umefungwa. Nyuma ya mlango ule ndipo nilipokuwa nimekaa. Nililia mpaka mwanangu wa mwisho akaniuliza, "Mama, baba amekufa tena?"

Jana nikampigia shemeji. Nikamwambia, "Nyumba hii ina wakaaji wanne, shemeji. Mbona ulinidanganya?"

Hakupandisha hata sauti. "Shemeji yangu, wewe upo kwenye ibada, mambo ya mali yaache. Mnunuzi yuko Dar, ameshaizunguka yote kwenye simu na ameridhika, hana haja ya kuja kuiona. Wiki hii analipa. Wewe utapewa fungu lako la mjane, urudi kwenu Ziwani."

"Na watoto?"

"Watoto ni damu yetu."

Nikasema basi nitakwenda mahakamani kuweka pingamizi. Wifi akachukua simu kutoka kwa kaka yake. "Nenda! Panda na bodaboda kabisa, mji mzima ukuone! Kaburi la kaka yangu halijakauka, mwenzetu yuko barabarani. Ukitoka hapo, eda yako umeivunja, na tutawaambia watu."

Mama yangu mzazi naye anasema nitulie, Mungu anaona. Wengine wamenitumia ujumbe kwamba mjane anaruhusiwa kutoka mchana akiwa na dharura. Mimi sijui kama hii ni dharura au ni tamaa ya mali, na shehe wa mtaa ni mjomba wao, naona tabu kumuuliza.

Ndugu zangu, mume wangu nilimpenda. Hakuuguzwa, hakuniaga, sikupata hata kumpa maji ya mwisho. Eda ndiyo kitu pekee kilichobaki ninachoweza kumfanyia, na nilitaka kumfanyia chote, humu humu ndani mwake. Nikiivunja sitapata nyingine ya kumlipa. Lakini huyo mnunuzi akishalipa, nitaimalizia nyumba ya nani? Na wanangu nitawaambia baba yao aliwaachia nini?

Kesho Jumatatu mahakama inafunguliwa. Binti yangu ameniuliza kama aniitie bodaboda asubuhi, na bado sijamjibu. Maoni yenu nitayasoma yote, hata ya kunitukana. Kama ni mama yako au dada yako, ungemwambia atoke, au akae?