Paa la Bibi Kulwa

Mwanangu, iko siku moja ya kule Ziba, hadi leo sijaisahau. Nakuhadithia kwa sababu umechaguliwa chuo kikuu kusomea uchoraji wa rangi za maji, na mimi natamba Gongoni nzima kwa ajili yako. Lakini fahari haimkingi mtu na fimbo.

Mdogo wangu Zena alisomea hayo hayo enzi za Ujamaa, wakati watu wanahamishiwa vijiji vipya. Alikuja likizo na kazi ya mtihani: achore makazi ya watu. Mimi niliyeishia darasa la pili nikamsindikiza hadi Ziba, kwao mama. Hata kwa mjomba hatujafika, Zena akaona nyumba ya nyasi imepigwa jua inang'aa. Akakaa ng'ambo ya njia, akatoa karatasi na kikopo cha maji. Nikamwambia twende kwanza tukaamkie watu. Akasema, "Dada, jua halingoji."

Alichora vizuri, sikatai. Ukuta, mlango, hata kuku. Ila paa aliliacha karatasi tupu, nyeupe pee.

Akapita mwanamume mmoja, Masanja, anatoka kunywesha ng'ombe. Akachungulia.

"Binti, paa la mama yangu umelipeleka wapi?"

"Ni jua hilo, kaka. Kwenye rangi za maji mwanga haupakwi, unaachwa wazi."

"Unaachwa wazi." Akawageukia wenzake waliokuwa wakija nyuma. "Mmesikia? Na ng'ambo ya mto nyumba waliziacha wazi hivi hivi."

Nikamvuta Zena mkono tuondoke. Maana huko ng'ambo mgambo walikuwa wamewahamisha watu kwa nguvu, na walianza kwa kuezua paa ili mtu asiwe na pa kurudi. Kabla yao walipita watu wenye karatasi, wakazitazama nyumba kwa mbali, wakaandika. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Wanaume wakatuzunguka na fimbo zao. Mmoja akasema kwa Kisukuma, akidhani hatusikii, kwamba karatasi ichomwe na wenye nayo wasifike barabarani.

Bibi Kulwa, mwenye nyumba, akatoka. Zena akapiga goti. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Sasa ndiyo unaniamkia? Umeanza kuchukua nyumba, salamu baadaye." Akaitazama picha, akaitazama tena. "Niezekee."

Zena akaninong'oneza, "Dada, nikipaka hapo mwanga haurudi. Hii ndiyo picha ya mtihani."

"Paka, mwehu wewe. Unataka mtihani au unataka roho?"

Akapaka harakaharaka, karatasi bado mbichi. Rangi ya udongo ikachuruzika hadi kwenye mawingu, picha yote ikawa tope. Masanja akaangalia, akashusha fimbo. Tukakaribishwa mtindi.

Mtihani ule Zena aliufeli, akaurudia. Na baada ya mavuno mgambo walifika Ziba kweli, paa likaezuliwa. Watu wakainuka waende kwa mjomba wetu, wakisema ndiye aliyeleta wachawi wa karatasi. Bibi Kulwa alikuwa amekaa juu ya mizigo yake njiani. Akawaambia, "Mwacheni. Yule mtoto aliniezekea." Neno hilo ndilo lililomponya mjomba.

Basi mwanangu, brashi yako isilowe kabla mdomo wako haujasema hodi. Ukiona nyumba imekupendeza, ingia, amkia, kaa, sikiliza wenyewe wanaogopa nini. Jua likikupita, likupite. Wewe unaona mwanga juu ya paa, mwenye paa anaona watoto wake wamelala nje. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo walivyosema wakubwa. Hawakusema mwenyeji atetemeke.

Nenda ukasome. Mungu aupe mkono wako wepesi na moyo wako subira, na kila mlango utakaoupigia hodi, ufunguliwe na mtu asiyekuogopa. Amina.