Sindano za Rafu ya Chini

Mtaani wanamwita Pindo, kwa sababu hajawahi kushona gauni bila kuacha kitambaa cha ziada ndani ya pindo na mishono ya ubavuni. "Mtu hujui utakuwaje mwakani," huwaambia wateja. "Ukinenepa, tutafumua tuongeze." Wengi hucheka, kisha hurudi kufumuliwa.

Mwaka huu alikutwa na saratani ya titi. Daktari alimweleza taratibu: uvimbe ni mdogo, tiba ipo, ila dawa zake huenda zikaua na mayai ya uzazi. Kama anataka kuzaa baadaye, zipo wiki mbili kabla ya tiba kuanza. Atajichoma sindano za kukuza mayai kila jioni, kisha mayai yatatolewa na kugandishwa, yamsubiri. Nafasi ni hiyo moja. Ugonjwa hauwezi kuachwa zaidi ya hapo.

Pindo hana mume, wala mchumba wa kueleweka. Alikubali kabla daktari hajamaliza kusema.

Boksi la sindano likakaa kwenye friji ya nyumbani, rafu ya chini, kando ya jagi la maji. Kila jioni alifunika cherehani, akaketi ukingoni mwa kitanda, akafinya ngozi ya tumbo. Mkono ulioishi na sindano tangu usichana ulitafuta pa kuchoma kama wa mwanafunzi. Mama yake alisimama mlangoni, hathubutu kuingia wala kuondoka.

"Polepole, mwanangu."

"Mama, ukiendelea kuhema hivyo nitajichoma paja."

Jioni moja, wiki ya pili, alifungua friji akakuta rafu tupu.

"Mama, dawa zangu ziko wapi?"

"Nimezipandisha kwenye friza," mama alijibu kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu aliyefanya jambo la maana. "Uliziweka pabaya. Huko chini si zinapoa tu? Na ninyi si mnagandisha?"

Pindo alivuta mlango wa friza. Dawa ilikuwa barafu tupu. Mama alitokea na mwiko mkononi, akamtazama usoni, na mwiko ukashuka wenyewe.

"Yanayogandishwa ni mayai, mama. Dawa haitakiwi kuganda."

"Basi tuiyeyushe. Nitaiweka kwapani."

Pindo akacheka, na kicheko hakikufika mbali kabla ya kugeuka kilio. Alimpigia simu muuguzi.

"Usijichome hiyo, dada, imeshaharibika," muuguzi alisema. "Njoo sasa hivi. Sijui kama nitapata nyingine, lakini njoo."

Walikwenda nusu wakitembea, nusu wakikimbia, mama mbele licha ya magoti yake mabovu. Kwenye benchi la kliniki, mlango wa stoo ukifunguliwa na kufungwa, mama alikuwa anasokota ncha ya khanga mpaka ikawa kamba.

"Nikikukosesha mtoto, mimi..."

"Nyamaza, mama."

"Nitanyamazaje?"

Muuguzi alirudi na boksi dogo. Alimchoma yeye mwenyewe, palepale. Pindo akauliza kama kuchelewa kule kutadhuru. "Tutajua siku ya kuyatoa," muuguzi alisema.

Siku hiyo ilipofika, Pindo alizinduka kutoka usingizi wa dawa, na neno lake la kwanza lilikuwa, "Mangapi?"

"Manne," daktari alisema. "Nilitarajia zaidi. Si ahadi ya mtoto, lakini yapo."

"Ni kwa sababu ya friza yangu?" mama aliuliza.

Daktari alimwambia hakuna anayeweza kusema, miili hutofautiana. Mama aliitikia kwa kichwa, macho yakiwa kwenye sakafu. Hakusadiki.

Siku moja kabla ya tiba ya saratani kuanza, Pindo alikuwa anamalizia gauni la mteja, mama akimkatia nyuzi. Ghafla umeme ukakatika. Cherehani ikanyamaza katikati ya mshono. Nje watoto wakapiga kelele, jirani akatukana. Humu ndani wawili hawa wakatazamana.

"Na kule kliniki?" mama aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kule yamo ndani ya mtungi wa gesi baridi kupita barafu. Hayategemei umeme."

"Uliuliza?"

"Niliuliza, mama. Mara mbili."

Mama akashika mkasi, akauweka chini tena.

"Kesho tukienda, uliza tena."

"Nitauliza," Pindo alisema. Akalivuta gauni karibu na dirisha, akaendelea kukunja pindo kwa mkono, pana kama kawaida yake.