Moshi wa Nyiramana

Ancilla alipiga simu kutoka kambini Ijumaa asubuhi, Nyiramana akiwa anapiga deki katika jumba moja la Nyamitanga, mjini Mbarara.

"Mama Byiringiro, mwenyekiti anapitia viwanja leo. Nyumba yenye haina mtu wanapatia mwingine. Kimbia!"

Tangu hapo moyo haukutulia. Alikwenda kumuaga Kaaka, mama wa tajiri wake, ajuza ambaye Nyiramana alikuwa akimtunza kwa miezi mitatu sasa. Kaaka alikuwa barazani, akitazama mageti ya watu.

"Kilima hiki chote kilikuwa malisho ya baba yangu," alisema, kama alivyosema jana na juzi. "Ng'ombe walishuka kunywa maji ya mto Rwizi, na mpita njia hakukosa maziwa. Ikaja barabara, zikaja shule, wakaja wenye pesa na kuta zao. Sasa jirani yangu simjui jina. Nawe unakwenda?"

"Naenda kutetea kiwanja changu, Kaaka."

"Na kikombe changu atanishikia nani?"

Nyiramana, mtoto wa wafugaji wa milima ya Kivu, alimfunika shuka miguuni, akaondoka. Njia nzima aliomba, midomo ikichezacheza. Kwao, nyumba isiyofuka moshi ni nyumba iliyokufa, na yake ilikuwa imeachwa muda mrefu.

Kumbe alipoingia kambi ya wakimbizi ya Nakivale, moshi ulikuwa unapanda juu ya paa lake! Ancilla, jirani yake Mrundi, alikuwa jikoni akigeuza maharagwe, kama aliyeolewa mle. Mwenyekiti alikuwa amekalia kigoda.

"Huyu hapa!" Ancilla alipaza sauti. "Si nilikuambia alienda kuchota maji?"

"Maji bila kidumu?" Mwenyekiti alicheka. "Na viatu vya mjini? Mama, wewe unalala wapi?"

Ancilla alimkonyeza. Nyiramana akatazama chini.

"Nalala Mbarara, Mwenyekiti. Miezi tatu. Huu moto ni Ancilla ameuwasha leo."

"Yesu Maria!" Ancilla alirusha mwiko. "Miye nadanganya kwa ajili yako, weye unatubu! Walokole mtatumaliza!"

Mwenyekiti aliinuka polepole. "Ukweli wako umekuponya leo tu. Kesho napita, na Jumatatu napita. Moshi niukute, na mwenyewe nimkute."

Alipoondoka, Nyiramana alivua viatu, akachutama mekoni. Simu ikalia mfukoni: Nyamitanga. Ilikuwa saa ya maziwa ya Kaaka. Aliiacha ikalia mpaka ikanyamaza, akasukuma kuni ndani. Ikalia tena. Akapuliza moto, machozi yakamtoka.

"Moshi huo," Ancilla alisema kwa upole.

"Eh, dada. Ni moshi."