Picha ya Kitinda Mimba

Gazetini walimwita Fleshi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwona bila kamera shingoni. Alikuwa mpiga picha wa kuajiriwa kwa miaka kumi na tisa, mtu wa maneno machache na utani mkavu. Mhariri akimfokea kwa kuchelewa kwenye ajali, humjibu, "Nayo ilichelewa kutokea."

Asubuhi kiwanda cha nguo kiliposhika moto, aliwahi kuliko wote. Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa akishona vifungo ghorofa ya pili ya kiwanda hicho, lakini juma lile alikuwa zamu ya mchana. Fleshi alijua hilo, kwa hiyo alifanya kazi moyo ukiwa umetulia. Akawapiga picha wazima moto kwenye ngazi, kisha wanaume wawili waliombeba msichana mwenye kiatu kimoja, uso umegeukia ukutani. Akazituma zote ofisini palepale.

Aliporudi, picha ya msichana ilikuwa imeshachaguliwa kuwa ya ukurasa wa kwanza. Aliiona ikiwa kubwa kwenye kompyuta ya mhariri, na pale kwenye mguu usio na kiatu akaliona kovu la maji ya moto, lile alilolipata mdogo wake akiwa na miaka minne. Kumbe siku hiyo binti alikuwa amebadilishana zamu na mwenzake aliyeuguza mtoto.

"Msiitoe hii," Fleshi alisema.

Mhariri alimshika bega, akampa pole, na picha ikatoka.

Mwaka wa tatu baada ya mazishi, mama yao alikwenda kliniki kupimwa presha. Alirudi akaketi sebuleni, mkoba ungali begani.

"Mwanangu, umemuuza mdogo wako?"

Kampuni ya kuuza mitungi ya kuzimia moto ilikuwa imebandika bango lenye picha ileile ukutani, mkabala na benchi la wagonjwa. Juu yake paliandikwa: *Kazini kwenu kuko salama?* Chini, kwa herufi ndogo, jina la Fleshi.

Kesho yake Fleshi alikwenda ofisi ya kusajili hakimiliki. Nyuma ya dirisha alikuwapo dada mmoja, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba.

"Picha uliipiga wewe?"

"Mimi. Ila kamera ilikuwa ya gazeti."

"Kamera si hoja, kaka. Ulikuwa kazini?"

"Nilikuwa kazini."

Akavaa miwani, akatafuta kwenye kompyuta, kisha akamgeuzia kioo. Gazeti lilikuwa limeisajili picha mwezi uleule wa moto, na kuambatisha mkataba wa ajira wenye sahihi yake. Kila picha ya kazini ni mali ya mwajiri, na mwajiri anaweza kumruhusu amtakaye kuitumia.

"Lakini huyo ni mdogo wangu."

Msajili alivua miwani. "Pole sana. Kwenye fomu hakuna mahali pa kuandika hivyo." Akakirudisha kioo upande wake. "Kilichobaki kwako ni jina. Popote inapotumika, lazima wakutaje."

"Na nikitaka wasinitaje?"

"Hilo andika barua uombe. Sidhani kama watakataa."

Hawakukataa. Jina likafutwa, bango likabaki. Alipomweleza mama yake, yule mama alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo hata wewe huna haki nayo."

"Sina, mama."

Fleshi aliacha kazi gazetini mwezi uliofuata. Sasa ana chumba kimoja karibu na ofisi za vitambulisho, hupiga picha za pasipoti. Mama yake alihamia kliniki ya mbali, ya mabasi mawili, nako wakamtaka picha ya kadi.

"Njoo nikupige mimi," Fleshi alimwambia. "Hii itakuwa yako. Nitakuandikia na karatasi kabisa."

Mama alimtazama, kisha akainuka kwenda kuangalia chungu jikoni. Kadi yake bado haina picha, na wauguzi wamechoka kumdai.